Mnyoo Kwenye Kioo cha Sulaimani

Jumamosi, jua likichomoza, Zam aliingia chumbani na bakuli la uji akamkuta mumewe, Sulaimani, amekufa. Adhuhuri ya siku hiyohiyo alikuwa mahabusu Koboko na mtoto mchanga kifuani, akituhumiwa kumwua mume kwa sumu. Ndivyo mambo yalivyokwenda mbio kule kijijini Lurujo. Watu hawakuwa wamemaliza kulia, tayari mbaya wao walikwisha kumpata.

Ushahidi wao ulikuwa karatasi moja ya kliniki. Siku ya kuamkia kifo Sulaimani alipimwa damu mjini, na jibu likaandikwa: malaria hakuna. Basi, kama si malaria, ni nini? Ni mkono wa mke! Maiti ikapakiwa kwenye gari la polisi ikapelekwa Arua kupasuliwa, sampuli za tumbo zikaandaliwa safari ya Kampala, na huko majibu huja yakipenda yenyewe. Jumatatu Zam angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua. Baada ya hapo ni gereza, yeye na mtoto, hadi kesi isikilizwe. Na nani asiyejua kesi zinavyosubiri?

Kesi alipewa Inspekta Acidri kutoka Arua. Alikuwa mtu mfupi, mwepesi wa hasira, na upelelezi wake ulikuwa wa mdomo kwa mdomo: uliza, nyamaza, uliza tena. Maabara aliziona kama mahali pa kupeleka jalada likalale. Saa nane mchana aliketi mbele ya Zam.

"Nani alimpa chakula cha mwisho?"

"Mimi, afande. Uji ya mtama. Lakini hapana kunywa. Kila kitu alitapika."

"Kwa hiyo alikuwa mgonjwa."

"Tangu Alhamisi. Mwili iko moto, halafu baridi inatetemesha yeye mpaka kitanda inalia. Ijumaa tukapeleka yeye kliniki, mimi na shemeji Aziz. Dada ya maabara akatoboa kidole. Tukangoja. Akasema malaria hakuna, wakatupa panadoli." Zam alimhamishia mtoto bega la pili. "Jioni akaanza kuongea na baba yake. Baba yake alikufa zamani, afande. Mimi nikasema, hii homa si ya panadoli."

"Malaria ilikuwa imemshika karibuni?"

"Mwezi haijaisha. Alikunywa dawa, akapona, akarudi shamba."

Acidri alimtazama kwa muda. Alikuwa amewahi kuona wauaji wakilia na wauaji wakicheka, lakini huyu alikuwa amechoka tu. Akatoka, maana moyo ulikuwa umeanza kumwambia kitu, na moyo hauandikwi kwenye jalada.

Lurujo alimkuta Aziz, mdogo wa marehemu, amesimama uani na ile karatasi mkononi kama mtu anayelinda mlango.

"Soma, afande. Malaria hapana. Mutu mzima, anakula kwa mkono ya mke yake, anakufa. Wewe ni polisi, piga hesabu."

"Nimeipiga," Acidri alisema. "Majirani wananiambia wewe na kaka yako hamkuwa mnasalimiana. Mnagombea lile shamba la Dranya."

Aziz akaikunja ile karatasi. "Ndugu wanagombana. Iko ndugu gani hapana gombana?"

"Na hii?" Acidri aliinua chupa aliyoitoa chini ya kitanda cha marehemu, nusu imejaa maji ya kijani. "Zam anasema uliileta wewe Ijumaa jioni."

"Mwarobaini hiyo! Mama yetu alitupa hiyo tangu watoto!"

Kabla Acidri hajaunyoosha mkono, Aziz aliipokonya chupa, akaikung'uta kooni karibu yote. Uchungu ulimfinya uso mzima. "Haya! Nikikufa, nizikeni karibu naye!"

"Wewe mwendawazimu! Hicho ni kielelezo!" Acidri alifoka, akaichukua chupa na tone lililobaki. Alimweka Aziz chini ya mti wa uani akamchunga jioni nzima, na kitu pekee kilichompata Aziz ni njaa. Acidri alirudi garini amekasirika, hasa kwa sababu alikuwa ametamani Aziz awe ndiye muuaji.

Lakini kabla ya kufika Lurujo, alikuwa amepita kliniki. Ilikuwa nyumba ndogo ya binafsi nyuma ya soko la Koboko. Mwenyewe, Jimmy, mwanamume wa tumbo na simu mbili, alimpokea kwa malalamiko kwamba polisi mlangoni wanafukuza wagonjwa. Nesi, Margarita, alikuwa akilia waziwazi, kwa kuwa alimjua Sulaimani. Wa tatu alikuwa Harriet, mtu wa maabara, mwanamke wa makamo, koti jeupe limepigwa pasi, sauti ya upole.

"Kioo chake bado kipo?" Acidri aliuliza. Alijua kwamba damu ya malaria hupakwa kwenye kipande cha kioo. Zaidi ya hapo hakujua.

"Kipo, afande. Ngoja." Harriet aliingia chumba cha ndani, akakawia kidogo, akarudi na kioo kimefungwa karatasi laini. Ukingoni jina limeandikwa kwa penseli: Sulaimani. "Nimekisoma mwenyewe. Safi kabisa."

"Kile kipimo cha kadi, cha haraka, hamkukifanya?"

"Kadi zimekwisha wiki hii. Tunatumia hadubini tu."

Acidri alichungulia ndani. Hadubini ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa kizuri cha kufumwa, na juu ya kitambaa kuna kikapu cha pamba na sindano. Chumba kilinukia usafi. Alimshukuru Harriet kwa ushirikiano wake na kusema kimoyomoyo kwamba laiti mashahidi wote wangekuwa hivi.

Jumapili asubuhi, Arua, alimkuta Driwaru maabara. Huyu alikuwa msomi wa damu, mwanamke mrefu aliyefundisha wataalamu wengi wa maabara wa mkoa wa West Nile, na alikuwa na tabia ya kumsemesha mtu huku jicho moja liko kwenye hadubini. Daktari aliyepasua maiti alikwisha kumletea damu ya moyoni na chembe ndogo ya ubongo.

"Keti, afande. Usiguse kitu."

Alichukua kadi ya plastiki, akadondoshea tone la damu ya Sulaimani, kisha maji yake. Wakangoja. Mstari mwekundu ukajitokeza, na wa pili ukafuata.

"Miwili!" Acidri aliruka. "Ndiyo malaria?"

"Kaa chini. Miwili ndiyo, lakini kadi hii hainasi mdudu mwenyewe. Inanasa kitu anachokiacha kwenye damu, na kitu hicho hubaki hata wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Umesema alitibiwa malaria mwezi huu?"

"Mke wake kasema."

"Basi wakili yeyote atasema kadi inaonyesha ugonjwa wa zamani. Mimi nataka kuwaona wenyewe."

Alipaka damu kwenye vioo kwa namna mbili. Tone moja alilizungusha likawa nene, duara. La pili alilivuta kwa ukingo wa kioo kingine likatandazika jembamba hadi likaisha kwa ncha laini. Lile jembamba alilichovya kwenye spiriti, lile nene hapana. "Nene ni ya kutafuta, kwa sababu damu ni nyingi. Nyembamba ni ya kumtambua, kwa sababu kila chembe imelala peke yake." Kisha, Acidri akashangaa, akajitoboa kidole chake mwenyewe na kupaka kioo cha tatu.

"Na wewe unaumwa?"

"Rangi hii nimeichanganya leo. Damu yangu naijua haina malaria. Nikiona madoa kwenye damu yangu, nitajua ni uchafu wa rangi, si vimelea. Ndivyo tunavyofanya, kila mtu wa maabara na kidole chake. Ukikosa damu nyingine safi, iko yako."

Vioo vikalowa rangi ya zambarau, vikaoshwa, vikakauka. Driwaru akaanza na chake: safi. Akaweka cha Sulaimani, tone la mafuta juu, akaishusha lenzi mpaka ikagusa mafuta. Akasogeza kioo, akasogeza tena.

"Njoo," akasema hatimaye.

Acidri hakuwahi kutazama ndani ya hadubini maisha yake yote. Mwanzo aliona kope zake tu. Kisha, loo! Ukafunguka ulimwengu. Chembe nyekundu zilitapakaa mbele yake, za waridi, mviringo, hazihesabiki, na ndani ya nyingi mno kati yake mlikuwa na pete. Pete ndogo za buluu, kila moja na kito chekundu ukingoni. Chembe nyingine zilikuwa na mbili, nyingine tatu. Driwaru alisogeza kioo kidogo, na pete nyingine zikaja, na nyingine, na nyingine. Zilikuwa nzuri! Alijionea haya kuliwaza neno hilo, lakini ndivyo zilivyokuwa, nzuri kama shanga za bibi harusi, na zilikuwa zimemwua mtu.

"Yote haya ndani ya tone moja?"

"Ndani ya sehemu ya tone ambayo huwezi hata kuiona. Na hii ni ya ubongoni." Alibadilisha kioo. Kulikuwa na vijia vyembamba, na vijia vimejaa chembe zilezile, zimebanana, kila moja na doa jeusi, njia imezibwa. "Ndiyo maana alikuwa anaongea na baba yake."

Acidri alijiondoa taratibu. "Mungu wangu," akasema tu.

"Sumu haijazi pete kwenye chembe, afande. Huyu mtu ameuawa na malaria. Sasa nipe kioo cha Koboko. Nataka kujua mtu amewezaje kukosa kuona hivi."

Acidri alikifungua kwenye karatasi. Driwaru alikiweka, akatazama, akapitisha upande hadi upande. Dakika zikaenda. Akarudi mwanzo. Kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Hakukosa kuona. Pete hakuna hata moja."

"Inawezekana? Siku moja tu kabla?"

"Kuanzia hakuna hata moja mpaka bahari uliyoiona, kwa siku moja? Haiwezekani. Lakini si hilo. Njoo uone kingine."

Acidri aliinama tena. Safari hii, katikati ya chembe, alikuwa amelala mnyoo. Alikuwa mrefu mara nyingi kuliko chembe yoyote, amejipinda, amejaa nukta za zambarau zilizopangwa kutoka kichwani hadi ncha ya mkia. Acidri alirudi nyuma akagonga kiti.

"Yesu! Hiyo inaishi ndani ya mtu?"

"Wengi tu, na hawajui. Mtoto wa filaria, mnyoo wa damu, huletwa na usubi, vile vijidudu vidogo vinavyouma kwenye migomba yenye unyevu. Aina hii mtu hutembea nayo miaka bila hata kujikuna. Hapa nimewaona watatu." Driwaru aliinua kichwa. "Kwenye damu ya Sulaimani niliyotazama leo, nene na nyembamba, hayupo hata mmoja. Afande, jina ni la Sulaimani. Damu ni ya mtu mwingine."

Huko nje kengele ya kanisa ililia, na Acidri akaanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Aziz," akasema. "Alikwenda naye kliniki. Alibadilisha ili shemeji yake afungwe, shamba la Dranya libaki lake."

"Alijuaje kioo kipi hakina malaria? Kwa macho vyote ni doa la zambarau."

"Basi nesi. Jimmy. Mtu wa ndani."

"Mtu wa ndani, ndiyo. Niambie, hadubini yao uliiona?"

"Iko. Imefunikwa vizuri, na juu ya kitambaa kuna kikapu cha..." Acidri alisimama. Aliona upya kile kikapu. Kliniki ya nyuma ya soko, wagonjwa mlangoni, kadi zimekwisha, kila jibu linatoka kwenye hadubini. Na juu ya hadubini wameweka kikapu. "Haitumiki," akasema polepole. "Jamani! Haitumiki!"

Driwaru alikaa. Uso wake ulikuwa umebadilika, na haukuwa na ushindi wowote. "Kama ningekuwa nimeandika jibu bila kutazama, mtu akafa, polisi wakaja kutaka kioo, ningetafuta kioo gani? Kisicho na malaria kwa hakika. Na hata kama hadubini yangu haioni, kimoja ningekijua." Akakitazama kidole chake kilichotobolewa. "Nimemfundisha mimi, afande. Harriet. Leo asubuhi umeniona nikifanya nilichomfundisha."

Saa tisa alasiri walikuwa Koboko. Acidri alimtoa Zam mahabusu akamleta kliniki chini ya ulinzi, akamwita na Aziz. Driwaru alikuja na hadubini yake, akaiweka mezani karibu na dirisha.

"Kioo mlichonipa," Acidri aliwaambia wenye kliniki, "si cha Sulaimani. Ni cha mtu mwenye mnyoo wa damu, na mnyoo huo hauondoki kwa siku moja. Naomba tone kutoka kwa kila mmoja wenu watatu. Anayekataa ana haki yake, na mimi nina haki ya kushangaa."

"Hii ni matusi!" Jimmy alisema, lakini alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Driwaru hakutia rangi. Alidondosha damu mbichi, akaifunika kigae chembamba cha kioo, akatazama kwa muda mrefu. Hakuna. Margarita alitoa kidole chake. Hakuna.

Harriet alikuwa amesimama karibu na sinki. "Mwalimu," alimwambia Driwaru kwa sauti yake ileile ya upole, "mimi siumwi."

"Najua huumwi. Lete mkono."

Akautoa. Driwaru alitoboa, akafunika, akatazama. Hakukawia. Alisogea pembeni akamwonyesha Acidri.

Acidri aliinama, na kilichomo kilimtoa pumzi. Kilikuwa hai! Chembe nyekundu zilikuwa zikirushwa huku na huko kama watu sokoni wanaopisha ng'ombe, na katikati yao mnyoo mwangavu alijipinda, akajinyoosha, akajipinda, bila haraka, kana kwamba hakuna kesi, hakuna maiti, hakuna mahakama ya Jumatatu. Alitazama mpaka akasahau kwamba yuko kazini.

"Tazama, Harriet," Driwaru alisema.

Harriet alitazama. "Niko nao tangu lini?"

"Ulikulia wapi?"

"Ng'ambo ya Vurra, upande wa Kongo. Kwenye migomba ya baba yangu."

"Basi tangu utotoni, labda. Ungemwona siku yoyote ambayo ungekitazama kioo chako."

Harriet akakaa chini, sakafuni hasa, koti jeupe na yote. "Lenzi iliota ukungu," alisema. "Tangu mvua za mwaka jana. Ukitazama ni mawingu tu. Nilimwambia Jimmy, akasema subiri. Nikasubiri. Wagonjwa wakaja, na mimi nikaanza... nilitazama uso wa mtu. Macho yake, midomo yake. Nikaandika. Mara nyingi nilipatia, mwalimu! Sulaimani alikuja akitembea kwa miguu yake, akanitania, nikasema huyu mafua. Kioo chake hata sikukipaka rangi. Jana asubuhi niliposikia amekufa, nikakiosha kwa sabuni. Afande alipokuja, nilichukua kile changu cha kujaribia rangi, nikafuta jina langu, nikaandika lake."

"Na mwanamke huyu?" Acidri alimwonyesha Zam. "Ulijua amefungwa!"

"Nilijua."

"Na mtoto?"

"Nilijua, afande. Nilisema majibu ya Kampala yatamtoa."

"Kampala!" Acidri alipiga meza. Akamgeukia Jimmy, ambaye simu zake zote mbili zilikuwa mfukoni sasa. "Na wewe uliambiwa juu ya lenzi, ukaendelea kufungua mlango kila asubuhi. Utakuja naye Arua. Tutaongea mengi."

Acidri alipotaka kumwinua Harriet, Zam alisema, "Ngoja, afande."

Alimpa Margarita mtoto amshike, akamsogelea Driwaru. "Damu ya mume wangu uko nayo hapa?"

Driwaru alikitoa kioo kwenye sanduku.

"Weka."

Driwaru akaweka, tone la mafuta, lenzi ikashuka. Zam hakuinama kutazama. Alimgeukia Harriet kule sakafuni.

"Ijumaa tulikaa kwa benchi yako, sisi tunangoja. Mimi nilisema kwa moyo, dada iko ndani, anaangalia damu ya mutu yangu. Nilikuwa naomba Mungu akupe macho. Sasa simama. Angalia."

Harriet alisimama, akashika meza, akaweka jicho. Walimwona akianza kusogeza kioo kwa vidole vilivyozoea, polepole, mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa. Alitazama kwa muda ambao Ijumaa ungetosha. Machozi yalimdondoka kwenye mkono na hakuyafuta.

"Ni vingi," alisema. "Ni vingi sana, Mama. Hata mwanafunzi angeviona."

Zam akaitikia kwa kichwa. Alimchukua mtoto wake kwa Margarita, akamfunga mgongoni, akakaza kanga kifuani. Aziz alikuwa amesimama mlangoni, ile karatasi ya kliniki bado iko mkononi, hajui aiweke wapi wala amtazame nani.

"Shemeji," Zam alimwambia, "tafuta gari. Ndugu yako iko Arua, na sisi hatujamzika."